Walioatamia Njia ya Tatu

Krrr. Krrr. Krrr.

Ilisikika tangu barazani, mlango ukiwa bado umefungwa: mkono wa simu unazungushwa mara tatu, unapumzika, unazungushwa tena mara tatu. Saulo Kihwele alisimama akahesabu. Ilipofika mara ya kumi na mbili akausukuma mlango wa zahanati ya Igawa.

Mwanamke aliyevaa gauni jeupe alikuwa amempa mgongo, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye simu.

"Kamwene," Saulo alisema.

"Kamwene." Hakugeuka. "Naijaribu. Tangu juzi naijaribu kila saa. Leo inaitika. Mbeya wamenijibu sasa hivi, tena kwa adabu. Wameniuliza nina shida gani." Aliirudisha simu mahali pake. "Nimewaambia sina shida. Shida yangu ilizikwa jana."

Huyo ndiye Lea, muuguzi pekee wa zahanati ile. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kofia ya kahawia.

"Wewe ni wa polisi au wa simu?"

"Wa simu. Mkaguzi wa Shirika la Simu za Nyanda, ofisi ya Iringa. Polisi nilikuwa zamani."

"Basi keti. Wa polisi wameshapita. Walikaa dakika tano."

Saulo aliketi, akavua kofia, akaiweka mezani juu ya daftari la wagonjwa. Akatoa kiberiti mfukoni. Sigara aliziacha miaka miwili iliyopita, kiberiti hakikumwacha. Katika mkoba wake mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu. Ilisema kwamba Jumanne tarehe 23 Aprili 1974, mchana, Nkuba mwana wa Masunga, mfugaji wa Usangu, alikata waya wa njia ya tatu ya simu baina ya Iringa na Mbeya karibu na Igawa kwa nia ya kuiba shaba, na kwa sababu hiyo zahanati ikakosa mawasiliano na mkewe mwenyewe akafa. Meneja wake, Marcelino, alikwisha kutia sahihi. Chini palibaki nafasi ya mkaguzi. Kesi ilikuwa Jumatatu.

"Niambie Jumanne," Saulo alisema.

"Ng'washi, mke wa Nkuba, aliletwa saa saba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alijifungua saa nane kasoro. Mtoto wa kike, mzima. Kisha damu ikaja, ikakataa kusimama. Nikasema, gari la hospitali ya Mbeya likitoka sasa litafika saa kumi. Nikaishika simu saa nane kamili."

"Ikawa imekufa?"

"Nani kakwambia imekufa?"

Kiberiti kilianza kugonga meza. Tak. Tak-tak. Tak.

"Simu iliyokufa naijua," Lea alisema. "Inakuwa kama jiwe. Hii ilikuwa hai. Nilisikia mvua."

"Mvua?"

"Mvua juu ya bati. Kubwa, ya kumwagika. Na hapa jua lilikuwa linachoma mpaka mbwa wamejificha. Nikapiga kelele, 'Mbeya! Iringa! Yeyote!' Hakuna aliyeitika. Nikazungusha, mvua ikaendelea. Na kitu kingine ndani ya mvua, kinagonga."

"Kinagonga vipi?"

Lea aliitazama meza. Akautazama mkono wa Saulo. Saulo akaacha kugonga, akaandika: *tone la maji, paa linavuja?*

"Hivyo hivyo tu," Lea alisema polepole. "Kinagonga, kinaacha. Halafu kama saa tisa hivi kile cha kugonga kikazibwa, kama umekifunika blanketi. Ikabaki mvua peke yake."

"Uliendelea kupiga?"

"Niliendelea mpaka kiganja kikachubuka. Nikamtuma mume wake barabarani asimamishe gari. Malori ya Zambia yanapita hapa kama nyuki, baba. Nkuba alisimama katikati ya lami amenyoosha mikono, wakamkwepa wakimtukana. Aliyesimama alisimama saa kumi na robo. Ng'washi alikata roho saa kumi na dakika ishirini, miguu ikiwa bado kitandani na kichwa mikononi mwa huyo dereva." Alilivuta daftari kutoka chini ya kofia, akampa. "Saa nimeandika. Ninyi wa simu mnapenda saa."

Saulo aliandika saa.

"Na wewe ulikuwa wapi Jumanne?" Lea aliuliza.

"Iringa. Kazini."

"Basi wewe pia hukusikia."

---

Nguzo ambapo waya ulikatwa ilikuwa nusu maili kutoka zahanati, upande wa mto. Fundi wa nguzo Kasian, aliyemleta Saulo kwa Landrova ya Shirika, alikuwa amekwisha kuunga waya siku iliyotangulia. Vipande vya zamani alivihifadhi kwenye gunia.

"Shoka," Kasian alisema, akionyesha ncha. "Wezi wa shaba hawatumii shoka, mkuu. Wanakuja na koleo, wanachukua nguzo hata sita kwa mara moja. Huyu kakata mahali pamoja, kaacha waya chini. Mwizi gani anaiba halafu anasahau kubeba?"

"Mlipata taarifa lini kwamba njia imekatika?"

"Jana, Jumatano, saa moja asubuhi. Mbeya ndio waliosema."

"Si Jumanne?"

Kasian alitema mate pembeni. "Mimi nimeambiwa Jumatano. Hiyo Jumanne imetoka kwa taipu ya meneja."

Nkuba alikuwa katika chumba cha mahabusu cha kituo kidogo cha polisi, nyumba ya matofali yenye dirisha moja la nondo. Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, udongo mkavu bado kwenye vifundo vya miguu. Polisi wa zamu alisema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, "Huyu amekiri, mzee. Hatukumgusa."

"Ulikata waya?" Saulo alimuuliza Nkuba.

"Nilikata."

"Lini?"

Nkuba aliinua uso. Ilionekana hilo ni swali jipya. "Jumatano, kabla ya jua. Nilikuwa natoka kuchimba kaburi. Nilikuwa na shoka la kukatia mizizi."

"Kwa nini ulikata?"

"Ulikuwa unaimba."

"Nini?"

"Waya. Kuna upepo asubuhi, unaimba. Mke wangu nimemwacha ndani amefunikwa shuka, nimechimba usiku kucha, natoka, huo waya uko juu unaimba." Aliukwangua udongo wa kifundoni. "Watu wanasema nilikata Jumanne. Wanasema nilimuua kwa shaba ya bangili. Hata mama yake anasema."

Mama yake Ng'washi, mwanamke mzee aitwaye Kashindye, alikuwa ameketi nje barazani, kitoto kichanga mgongoni. Saulo alimsalimu. Hakujibu. Polisi wa zamu alieleza kwamba bibi huyo hajui sana Kiswahili, na kwamba Jumanne ijayo anapanda basi kurudi kwao Usukumani na mjukuu wake. Amekataa baba ampe mtoto jina. Amesema mtoto hapewi jina na mtu aliyemuua mama yake.

"Akifungwa au asifungwe?" Saulo aliuliza.

"Bibi haangalii kifungo, mzee. Anaangalia waya ulikatwa lini."

---

Mbeya ilimpokea kwa mvua. Saulo alisimama katikati ya chumba cha mitambo ya simu, akasikiliza bati. Ilikuwa sauti ile ile aliyoelezwa na Lea, ya kumwagika.

Opereta wa zamu ya mchana aliitwa Tupokigwe, mwanamke mnene wa Tukuyu mwenye cheko la haraka. Mbele yake ulisimama ubao wa matundu, na juu ya kila tundu kibati kidogo cha shaba. Mtu akizungusha simu yake mbali huko, kibati huanguka, opereta huona, huchomeka plagi na kusema "Mbeya". Ukutani, kwa penseli, mtu alikuwa ameandika:

*Iringa kwenye upepo, njia mmezikalia,*
*Mkiombwa ni viapo, wala hamjaachia.*

"Nani mshairi?" Saulo aliuliza.

"Mimi, mkuu. Huwa namsomea Kalista wa Iringa kwenye waya akininyima njia. Yeye hunijibu kwamba Mbeya tuna mvua ya kunywa, njia tunataka za nini." Alicheka, kisha akaona uso wa mgeni, akaacha.

"Nieleze mnavyogawana. Nieleze kama mtu asiyejua."

"Si unajua, mkuu!"

"Sijui. Eleza."

Tupokigwe alivuta pumzi. "Njia ziko tatu baina yetu na Iringa. Ya kwanza yao, ya pili yetu. Ya tatu ni ya kushirikiana: asubuhi yetu, kuanzia saa sita mchana yao. Asiye na kazi anamwachia mwenzake. Na vituo vya barabarani, Igawa na wengine, vimefungwa kwenye hiyo ya tatu. Igawa wakizungusha, kibati kinaanguka hapa na kinaanguka Iringa. Aliye karibu anaitika."

"Na plagi ikiwa imechomekwa?"

Aliigusa plagi mojawapo kwa kidole. "Plagi ikiwa ndani, kibati hakianguki. Si unaongea tayari kwenye njia, utasikia kwa sikio."

"Na kama huongei?"

Hapo Tupokigwe akatazama mlango. Hapakuwa na mtu.

"Mkuu, ukichomoa, hupati tena. Ukimwachia Iringa njia ya tatu saa sita, utaiona kesho. Watu wamepanga foleni pale kaunta, mwenye ng'ombe, mwenye mazishi, wote wananitukana mimi, si Kalista. Kwa hiyo tunachomeka plagi, tunaweka chombo cha kichwani, hiki cha kusikilizia na kusemea, juu ya meza, tunakiacha wazi. Akija mwenye simu, njia unayo. Tunaita kuatamia."

"Kuatamia."

"Kama kuku. Hata kama hakuna yai."

"Jumanne uliatamia?"

"Tangu saa tano asubuhi."

"Na saa sita hukuachia."

"Sikuachia." Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilibaki imenyooka. "Nilisikia jana habari ya mama wa Igawa. Nikajiambia, Tupo, kibati cha Iringa kingeanguka. Kwa vyovyote kingeanguka. Ndiyo sababu tunathubutu. Mmoja akiatamia, mwingine yuko wazi. Mmoja siku zote yuko wazi."

Saulo alikuwa ameinua uso, anatazama dari. Ilikuwa ya mbao mpya, imepakwa rangi nyeupe, haina doa.

"Hapa panavuja?"

"Panavuja wapi? Dari hii ya Februari."

"Hakuna ndoo, hakuna tone?"

"Hakuna, mkuu."

"Hapakuwa na mtu anagonga kitu? Nyundo, cherehani, chochote?"

"Nilikuwa peke yangu. Mwenzangu alikuwa na likizo."

Saulo alifungua daftari lake, akayakata kwa mstari maneno *paa linavuja*. Kama kile cha kugonga hakikuwa Mbeya, kilikuwa kwenye ncha nyingine ya waya ule ule. Basi kule nako chombo kilikuwa mezani, wazi, na plagi ilikuwa ndani. Kuku wawili juu ya kiota kimoja, na kila mmoja anaapa mwenziwe ameamka.

"Nipe kumbukumbu ya Jumanne jioni."

Tupokigwe alifungua kitabu. Njia ya tatu, saa kumi na dakika thelathini na tano, Mbeya kwenda Iringa, ghala la nguzo. Njia ya tatu, saa kumi na moja na robo, mfanyabiashara wa mchele. Njia ya tatu, saa kumi na mbili, mchungaji kwa mkewe. Sauti safi, alikuwa ameandika pembeni.

"Waya uliokatwa mchana haupitishi mchungaji jioni," Saulo alisema.

"Haupitishi, mkuu."

Alinakili mistari mitatu. Kwenye mstari wa kwanza kalamu ilisimama.

"Hii ya ghala la nguzo. Ilimtafuta nani?"

"Si wewe, mkuu?" Tupokigwe alishangaa. "Mtunza ghala alikuwa anakutafuta wewe, kuhusu nguzo zilizoibwa. Alichelewa kufika kwenye simu, gari lilikwama kwenye tope. Mkaongea dakika nne. Kwani umesahau?"

"Sikusahau. Nilidhani ilikuwa njia ya kwanza."

"Ya tatu, mkuu. Imeandikwa."

Saulo alifunga daftari. Mvua iliendelea kupiga bati, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni na kukamata kiberiti. Aliutoa mtupu.

---

Ijumaa saa tisa alifika Iringa. Kasian alikuwa ameimba kutoka Makambako mpaka Mafinga, kisha akachoka kuimba peke yake.

Kalista alikuwa kwenye kiti chake. Mwanamke mwembamba, rozari shingoni, mkaaji wa Mlandege, miaka tisa kwenye mitambo bila lawama. Alipomwona Saulo akasimama.

"Kaa, dada. Nipe tiketi za simu za Jumanne."

"Zipi, mkuu?"

"Unazijua."

Hakuuliza mara ya pili. Tiketi moja ilikuwa imetengwa, chini ya kitabu cha sala, kwenye droo. Aliilaza mezani. *Njia ya tatu. Simu ya kikazi. Imeshikwa saa 7.50, imeachiwa saa 10.39. Kwa amri ya Mkaguzi.* Chini palikuwa na sahihi. Saulo aliitambua kama mtu anavyotambua kovu lake.

"Kwa nini hukuniambia Jumatano?"

"Ningekwambiaje? Ulikuja na meneja, mmeshika karatasi. Meneja akasema ni mwizi wa shaba, nawe ukaandika." Kalista alikuwa ameshika rozari kwa vidole viwili. "Mimi nani nikwambie?"

"Niambie sasa. Kila kitu. Kama shahidi."

"Ulikuja saa nane kasoro. Ukasema unangoja simu ya ghala la nguzo kutoka Mbeya, ukauliza njia ipi iko wazi. Nikasema ya kwanza ina watu, ya tatu ni yetu mchana huu lakini Mbeya hawajachomoa. Ukasema, 'Chomeka hivyo hivyo. Hii njia isiguswe mpaka niseme.' Nikasema, mkuu, kuna Igawa na wenzake kwenye hiyo. Ukasema..."

"Nikasema nini?"

"Ukasema Igawa wana nini cha kusema."

Kibati kimoja kilianguka. Kalista akachomeka, akasema "Iringa," akaunganisha, akarudi.

"Ukakaa kiti cha pili, pale. Chombo cha kichwani kikawa mezani mbele yako. Ukatoa kiberiti ukawa unagonga, kama unavyogonga siku zote, hata sisi huwa tunakucheka. Mimi nilikuwa na masikio yangu kwenye njia ya kwanza. Nikakuona unakiinamia kile chombo."

"Kwa nini nilikiinamia?"

"Si unajua, mkuu."

"Sema, Kalista. Jumatatu utaulizwa na hakimu."

"Kilikuwa kinalia. Kidogo, kama kifaranga. Ukaniambia waya ukipata jua kali hupiga kelele. Nikasema labda. Kikaendelea. Ilikuwa kama saa tisa." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Ukavua kofia, ukakifunika."

Saulo aliiangalia kofia yake. Alikuwa ameiweka mezani alipoingia, bila kuwaza, mahali pale pale.

Mlango ulifunguliwa. Meneja Marcelino aliingia, shati jeupe, kalamu mbili kifuani.

"Saulo! Umerudi. Karatasi yangu iko wapi? Wakili anaitaka leo."

"Haijatiwa sahihi."

"Mtu amekiri, bwana!"

"Amekiri Jumatano. Sisi tumeandika Jumanne. Waya ulipitisha simu tatu Jumanne jioni, zimo kitabuni Mbeya. Igawa hawakukosa waya. Walikosa njia. Mbeya walikuwa wameiatamia na sisi tulikuwa tumeiatamia."

Marcelino alitazama Kalista, akatazama tiketi mezani. Alisoma haraka, mtu wa makaratasi. Alipofika kwenye sahihi akapunguza sauti.

"Nani ameiona hii?"

"Watatu tuliomo humu."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Kila opereta kati ya hapa na Tunduma anaatamia. Kila mkubwa anashikiwa njia, mimi nikiwemo. Hii ikisomwa mahakamani, hawatasema Saulo, watasema Shirika. Wewe una watoto wanne Kalenga. Huyo mfugaji atapata miezi sita, atatoka, ataoa tena. Wale wana ng'ombe."

"Umemaliza?"

"Nakusaidia."

"Alisimama barabarani amenyoosha mikono," Saulo alisema. "Malori yalimkwepa. Mimi sikumkwepa. Mimi nilimfunika."

Alichukua karatasi ya taipu, akaigeuza upande mtupu, akaketi kwenye kiti cha pili. Aliandika ukurasa mzima bila kufuta: saa, njia, majina mawili ya maopereta na juu yao jina moja la mkaguzi. Akatia sahihi. Akampa Kalista naye asome.

"Kweli?" Saulo aliuliza.

"Kweli, mkuu. Lakini mimi umeniweka chini mno. Na mimi niliona kofia, nikanyamaza."

"Hilo utalisema mwenyewe. Wewe una mdomo."

Meneja alinyoosha mkono kuitaka karatasi. Saulo aliikunja akaitia ndani ya shati.

---

Jumamosi saa sita mchana Kashindye alikuwa bado kwenye baraza la kituo cha Igawa, mahali alipokuwa Alhamisi, kana kwamba hakuinuka. Kando yake sasa palikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa kamba: mizigo ya safari. Mtoto alikuwa anapiga chafya mgongoni.

Saulo hakuingia ndani. Alisimama chini ya dirisha la nondo.

"Nkuba."

Uso ulitokea.

"Nimekuja kusema jambo, lakini si kwako. Ni kwa mkweo. Mimi Kisukuma sijui. Nitasema, wewe umwambie. Neno kwa neno."

"Hataki kusikia sauti yangu."

"Leo si yako. Ni yangu, wewe unaibeba tu."

Nkuba alishika nondo. Akasema kitu kifupi kwa Kisukuma. Bibi hakugeuka, lakini mkono uliokuwa unampigapiga mtoto ulisimama.

"Mwambie: waya ulikuwa mzima Jumanne. Ulikuwa mzima mchana, ukawa mzima jioni. Watu waliongea kwa waya huo mpaka saa kumi na mbili."

Nkuba alisema. Alipomaliza, akamuuliza Saulo kwa Kiswahili, "Mzima? Kwa hiyo alikufa na waya mzima?"

"Mzima. Mwambie: mkwe wako aliukata Jumatano, akitoka kaburini."

Alisema. Kashindye sasa alikuwa amegeuka. Alimwangalia mtu wa nondo, kisha mtu wa kofia. Akauliza swali.

"Anasema," Nkuba alifasiri, "kama waya ulikuwa mzima, binti yangu aliita, nani alikataa?"

"Mwambie njia ilishikwa Mbeya na ilishikwa Iringa, na huko hakuna aliyekuwa anaongea. Iringa palikuwa na mtu ameketi mbele ya chombo cha kusikilizia. Alisikia sauti ndogo. Hakuuliza ni ya nani. Aliifunika kwa kofia."

Nkuba alianza. Katikati alisita, akaitazama kofia ya kahawia kichwani mwa Saulo. Nondo zilitikisika. Polisi wa zamu alisimama mlangoni, mkono kwenye rungu.

"Maliza," Saulo alisema. "Usimbakishie hata neno."

Nkuba alimaliza. Ilimchukua muda. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akajiinua kwa kushika ukuta, akamfungua mtoto mgongoni. Alitembea hatua tano mpaka dirishani. Hakumpa baba mtoto. Alimnyanyua tu, uso kwa uso, nondo katikati, akamwacha amwangalie. Kisha akamgeukia Saulo, na mara hii alisema Kiswahili, kibovu, kila neno limesimama peke yake.

"Wewe. Hiyo maneno. Utasema huko kwa serikali? Ama unasema hapa tu, kwa mimi, mwanamke mzee?"

Saulo alivua kofia. Hakuwa na mahali pa kuiweka. Aliishika kwa mikono miwili, akasema polepole ili Nkuba afasiri.

"Mama, basi lako ni Jumanne. Njoo mahakamani Jumatatu saa tatu, ukae mbele, uje na mtoto. Nitaanza na saa nane kamili, saa aliyoita muuguzi, na sitaruka dakika hata moja mpaka saa kumi na dakika ishirini. Meneja wangu atakuwepo na atanikataza. Nitaiweka kofia hii mezani kwa hakimu, na akiuliza ni ya nani, nitamwambia mbele yako ni yangu."